Chokaa, boriti na mawe: mali ya ujenzi iliyo mikononi mwa Mvita

Ukitoka lango la Ngome ya Yesu ukashika Ndia Kuu kuelekea bandari ya kale, ziangalie kuta za nyumba chini, kimo cha kiuno. Hapo ndipo maradhi ya Mji wa Kale wa Mombasa yanapojitokeza. Plasta imevimba na kupasuka. Mahali pengine imebanduka vipande vizima, jiwe limebaki wazi, limeliwa na chumvi, na ukiligusa linakuachia unga vidoleni. Wengi hulaumu uzee wa nyumba, au bahari iliyo karibu. Lakini mara nyingi utaona ukuta wa jirani, wa umri uleule na unaopigwa na upepo uleule, ungali mzima. Huu umebaki na chokaa yake. Ule uliougua ulipakwa simiti.

Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa iliyolifunika huuacha unyevu huo utoke nje na kukaushwa na upepo. Ukuta unapumua. Ukiupaka simiti umeuziba. Maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hugeuka chembe nyuma ya plasta. Chembe zile zikikua husukuma, na plasta inapoanguka huondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba humwita fundi tena, naye hupaka simiti nzito kuliko ile ya kwanza. Miaka ikipita, unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti zinaoza ndani kwa ndani, dari inalegea, na familia inaambiwa nyumba imekwisha, ibomolewe.

Nyumba nyingi za aina hiyo zimeuawa na matibabu tu.

Nayasema haya wakati ambapo sekta ya ujenzi duniani inahangaika kutafuta vifaa visivyoharibu mazingira. Saruji peke yake hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana Australia walipojenga Forté mjini Melbourne mwaka 2012, jengo la makazi la ghorofa 10 lililosimama kwa mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, wajenzi wa nchi nyingi walikwenda kulitazama. Kule vifaa safi vimekuwa biashara yenye viwanda, wawekezaji na ajira. Karibu nasi, katika mji mpya wa Fumba kisiwani Unguja, kuna nyumba zilizojengwa kwa mbao, na zinauzwa kwa watu wenye uwezo wa kuchagua. Mombasa tuna historia ndefu ya kujenga kwa vitu vilivyochimbwa na kukatwa katika pwani hiihii. Hatujaifanya biashara. Tumeiachia watalii waipige picha.

Nyumba ya mawe ya Mswahili ilipimwa kwa mti. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko ingeweza kuubeba bila kupinda. Miti hiyo ilikuja kwa majahazi, mingi kutoka Lamu, ikiwa imepangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila unene ulikuwa na kazi yake na bei yake. Mkoko na mkandaa zina tanini nyingi, na hiyo huwafukuza wadudu waharibifu wa mbao. Juu ya boriti yalipangwa mawe membamba, yakamiminiwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukapigwa kwa magogo madogo hadi ukashikana. Sakafu namna hiyo haikuhitaji nondo hata moja. Hapo pana jambo kubwa kwa mji wa baharini, kwa sababu adui wa kwanza wa zege la Mombasa ni chuma kilicho ndani yake. Chumvi ya hewani hupenya, nondo zinashika kutu, zinavimba, na zege linapasuka. Tazama vibaraza vya maghorofa yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 kisiwani, uone nondo zilivyojianika nje.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe kongwe yaliyochimbwa nchi kavu, yakafungwa kwa chokaa na udongo. Unene wao hufika nusu mita na kuzidi. Jua la kaskazi huchukua saa nyingi kupitisha joto ndani, na litakapofaulu jua lenyewe limeshakuchwa. Mitaa myembamba ya Kibokoni na Kuze husaidia kwa kivuli. Watu waliojenga hivi hawakuwa na kiyoyozi wala bili ya umeme. Sisi tulio nazo tunajenga vyumba vya kuta nyembamba chini ya mabati, kisha tunanunua mashine ya kutupoza.

Na ngome yenyewe? Wareno waliianza mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakiipandisha juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe. Imepigwa mizinga, imezingirwa miezi mingi, ikafanywa gereza, mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msikiti wa Mandhry, hatua chache kutoka hapo, ni wa karne ya 16 pia, na watu wanasali ndani yake hadi leo. Sijui ni cheti gani cha ubora kingetoa ushahidi mzito kuliko huo.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba saruji ya Bamburi na chokaa ya Mji wa Kale zimetoka kwenye mwamba wa jamii moja. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, kimekuwa kikichimba chokaa ya matumbawe kongwe ya pwani hii. Tofauti ni moto. Saruji hutaka nyuzi joto zipatazo 1,450. Chokaa huchomeka kwenye 900 hivi. Zaidi ya hapo, chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuvuta tena kutoka hewani ile kaboni iliyoitoa tanuuni, na ndivyo inavyokuwa ngumu. Hairudishi moshi wa kuni zilizoichoma, lakini sehemu kubwa ya kilichotoka ndani ya jiwe hurudi. Kwa hesabu ya mazingira, hiyo ni faida ambayo fundi wa pwani aliipata karne nyingi kabla ya mikutano ya tabianchi.

Lakini kazi ya wazee haikuwa safi yote. Mawe laini ya kuchongea vidaka na mihrabu yalikatwa baharini, kwenye miamba iliyo hai, yakachongwa yakiwa bado mabichi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Jambo hilo leo halikubaliki, na sheria inalikataza kwa haki, maana mwamba ule ndio nyumba ya samaki na ndio kinga ya ufuo. Tanuu za chokaa zilikula magogo bila hesabu. Mikoko nayo ilikatwa kwa kuuzwa ng'ambo, hasa Uarabuni na Ghuba, hadi serikali ikapiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini, mikoko ikiwemo, na wakataji wa Lamu wakabaki bila kazi wakati wanaohifadhi majengo wakibaki bila boriti.

Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu yake ikiwa Lamu. Mikoko ya Mombasa yenyewe, Tudor na Port Reitz, imechakazwa na ukataji na maji machafu ya mji. Mtu akija leo na wazo la kujenga mtaa mzima kwa boriti za mkoko, nitakuwa wa kwanza kumzuia. Mkoko unafaa uwekwe kwa ajili ya kutengeneza nyumba kongwe, ukikatwa kwa zamu na kwa kibali, pale palipopandwa na kutunzwa.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa huku kwetu. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya Bamburi yaliyokuwa mwamba mtupu, na mti uliokubali kuota pale ulikuwa mvinje. Leo mvinje unapandwa na wakulima wengi wa Kilifi na Kwale, na nguzo zake zinauzwa kwa wajenzi kila siku. Huko Gazi, watu wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni iliyotunzwa nazo. Wao pia walipanda mivinje kusudi wanakijiji wapate miti ya kujengea bila kuingia msituni na shoka. Ongeza hapo mbao za minazi mizee iliyokoma kuzaa, ambayo pwani tunayo mingi, na matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Hivi vyote vinaweza kununuliwa kwa mkulima na kwa fundi wa kaunti jirani.

Kinachokosekana ni mnyororo wa kuvifikisha kwa mjenzi. Anayetaka chokaa iliyokaa shimoni ikalainika inavyotakiwa hana duka la kuingia. Simiti iko kila kona, imefungwa mfukoni, na fundi yeyote anaijua. Mwashi anayeelewa chokaa, anayejua kuiloweka na kusubiri, anayepaka tabaka nyembamba na kuiacha ikauke kabla ya nyingine, amekuwa adimu, na wengi wao ni watu wazima. Vijana hawajifunzi kazi isiyo na mteja, na mteja haagizi kazi isiyo na fundi. Zanzibar walijua tatizo hili miaka ya 1990, wakati Shirika la Aga Khan lilipotengeneza ile zahanati ya kale iliyo ufuoni mwa mji. Kazi ile ilifanywa iwe pia darasa la mafundi wa Mji Mkongwe. Hata hivyo, Beit al-Ajaib, jumba la hukohuko Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Majengo haya hayasubiri tujipange.

Lipo na suala la umiliki, ambalo wataalamu wa vifaa hulipita haraka. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za urithi, zina warithi kumi au ishirini, wengine wako Muscat au London, na kodi ya mpangaji ni ndogo kiasi kwamba haitoshi hata kubadilisha dari ya chumba kimoja. Nyingine ni za wakfu. Nani atoe fedha? Akitokea mmoja mwenye moyo, anafanya kinachowezekana kwa mfuko wake, yaani mifuko kadhaa ya simiti na fundi wa siku mbili. Tangu Mji wa Kale utangazwe eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya imekuwa ikikagua ramani na kuzuia ubomoaji. Lakini katazo pekee halipaki ukuta. Mwenye nyumba anayeambiwa asitumie simiti anastahili kuonyeshwa chokaa inapouzwa, kwa bei anayoiweza, na fundi wa kuipaka.

Kwa nyumba mpya, nafasi imefunguka kidogo. Kwa zaidi ya nusu karne Kenya ilijenga kwa kanuni za mwaka 1968 zilizofuata mtindo wa Kiingereza. Sasa Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 imechukua nafasi yake. Wakati huohuo serikali inajenga nyumba za bei nafuu nchi nzima, na Mombasa tumeuona mtaa wa zamani wa Buxton ukivunjwa, maghorofa mapya yakipanda. Ghorofa ndefu zitahitaji zege, hilo sibishani nalo. Ila kuta za ndani zisizobeba mzigo, uzio, nyumba za chini, shule na zahanati za mashinani zinaweza kabisa kujengwa kwa mawe ya timbo na udongo ulioshindiliwa, zikapakwa chokaa. Miradi ya umma ikitenga sehemu ndogo tu ya manunuzi yake kwa vifaa hivi, mchomaji chokaa atapata soko la kumfanya anunue tanuri la kisasa lisilokula msitu.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Makavazi ya Kitaifa na Tume ya Wakfu zina kila sababu ya kukaa meza moja juu ya hili. Waanze na ghala moja la chokaa iliyolainishwa, ndani ya kisiwa, linalouzia umma. Vyuo vya ufundi vya kaunti viwape vijana somo la uashi wa chokaa, na wazee wanaoijua kazi waitwe kufundisha na walipwe kama walimu. Wakfu ichague nyumba zake chache za Mji wa Kale ziwe za kwanza kutengenezwa.

Nawe mwenye nyumba Kibokoni, Kuze au Mzizima, kabla hujamwita fundi msimu huu wa kiangazi, muulize swali moja: je, anajua kupaka chokaa? Kama hajui, usimruhusu aupake ukuta wako simiti. Mtafute anayejua.