Vuli ya Engaresero Huanzia Milimani

Utabiri wa vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ukitajwa kwa Wilaya ya Ngorongoro nzima, mfugaji wa kijiji cha Engaresero, karibu na Ziwa Natron, ana haki ya kuuliza: wa juu au wa chini? Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300, kwenye ukungu na baridi ya kuvalia koti. Ziwa Natron liko karibu mita 600, kwenye joto kali. Halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 kila mita 1,000, kwa hiyo wilaya moja ina tofauti ya nyuzi kama 10. Mvua nayo hailingani: pepo za mashariki hupanda miteremko, zikapoa na kumwaga maji huko huko.

Wapo watakaosema kijiji kikavu hakina haja na utabiri wa milimani. Sikubaliani nao hata kidogo. Mto Engaresero hutoka nyanda za juu, ukapita kwenye korongo jembamba kabla ya kufika Natron. Mvua ya huko yaweza kuujaza mto huku kijijini hakujadondoka tone. Hatari ya namna hiyo, ya kushuka kutoka mlimani, ilionekana mkoani Manyara Desemba 2023, katika vuli ya El Niño: tope la Mlima Hanang liliwafuata watu wa mji wa Katesh chini. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husaidia kupanga malisho. Tahadhari ya siku chache ndiyo humzuia mchungaji asivushe mbuzi mtoni. Ifike basi kwa Kimaasai, ikitaja hali ya huko mto unakotoka.