Motokari ya turbo na esansi ya bei ya chini: mwishoni nani analipa?

Leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi, tuongee juu ya motokari. Najua, wengi kati yetu tungali tunapanda taksi-bisi. Lakini kesho utanunua ya kwako, ao bosi atakupa yake uiendeshe, na siku ile franka kidogo unayochunga ku esansi inaweza kula mushahara wa miezi mingi.

Mwenzetu mumoja, tulimaliza naye masomo mwaka uleule, alinunua Subaru Impreza ya turbo hapa Lubumbashi. Ilikuwa ya okazyo, imetoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Feza ilitoka ku likelemba ya kazini. Kusudi achunge franka, alikuwa anaweka esansi ya bei ya chini, mara mingi ile ya kadhafi, ya mu bidoni pembeni ya barabara. Kisha akaanza kusikia sauti kama vijiwe ndani ya mukebe kila mara anapopanda mulima. Akafanya nini? Akapandisha muziki! Siku moja moshi ikatoka, nguvu ikaisha. Fundi alipofungua moteri, akakuta pistoni moja imevunjika. Rafiki yetu aliendelea kulipa likelemba juu ya motokari yenye kulala mu lupango.

Sasa tuelewe mambo ilipita namna gani.

Ku pompe, mu inchi mingi, unaona namba: 91, 95, 98. Ile ni oktani. Watu wengi wanafikiri kwamba namba kubwa inamaanisha esansi iko na nguvu zaidi. Hapana. Oktani inaonyesha tu ginsi esansi inavumilia kukandamizwa bila kuwaka yenyewe. Wataalamu waliipima kwa vitu viwili: iso-oktani, waliyoipa 100, na heptani, waliyoipa 0. Esansi ya 95 inavumilia sawa na muchanganyiko wa 95 kwa mia ya iso-oktani na 5 ya heptani.

Ndani ya moteri, pistoni inapanda na kukandamiza hewa na esansi. Kisha buji inatoa cheche, moto unatembea muzuri na kusukuma pistoni chini. Mu motokari ya turbo, hewa inaingia ikiwa imekwisha kusukumwa kwa nguvu, kwa hiyo joto na mukandamizo vinakuwa vikubwa zaidi. Ukiweka esansi yenye oktani ya chini, sehemu ingine inawaka yenyewe, fasi ambayo moto wa buji haujafika. Inapiga pistoni kama nyundo. Ile njo sauti ya vijiwe. Mafundi wanasema: moteri inagonga.

Mutu ataniuliza: «Lakini motokari ya sasa haiko na kompyuta?» Iko nayo. Kuko kifaa kidogo kinachosikiliza moteri. Kikisikia kugonga, kompyuta inachelewesha cheche ya buji, na mu motokari ingine inapunguza pia nguvu ya turbo. Moteri inalindwa, lakini unapoteza nguvu na unaweza kukunywa esansi zaidi. Na ulinzi ule uko na mupaka: ukibeba muzigo, ukipanda mulima mu joto, ao motokari ikiwa imezeeka, kompyuta inaweza kushindwa.

Je, hasara ni kubwa? Mu 2017, shirika la wenye motokari la Marekani, AAA, lilipima motokari ambazo fabrike inashauri esansi ya juu bila kuilazimisha. Na esansi ya juu, nguvu iliongezeka kwa 1.4 kwa mia tu, na matumizi yakapungua karibu 2.7 kwa mia, kwa wastani. Kwa hiyo kuko maneno mbili tofauti: «inashauriwa» na «inalazimishwa». Kama inashauriwa, esansi ya kawaida haitaua moteri. Kama inalazimishwa, usicheze.

Kinyume yake pia ni kweli. Kuweka esansi ya juu mu Toyota ndogo iliyotengenezwa kwa esansi ya kawaida ni kutupa feza. Moteri haitapata nguvu ingine.

Tufanye nini basi?

Kwanza, fungua kakifuniko ka tangi ao soma kitabu cha motokari. Kama imeandikwa kijapani, piga picha, simu itakutafsiria. Japani, kiwango cha inchi kinaomba 89 ao zaidi kwa esansi ya kawaida na 96 ao zaidi kwa ile ya juu.

Pili, uangalie namba ni ya wapi. Marekani wanahesabu tofauti: 87 yao inakaribia 91 ao 92 ya Ulaya na Japani. Usilinganishe bila kujua.

Tatu, ukiwa na turbo, jiepushe na bidoni. Kama mutu amechanganya esansi na petroli ya taa, oktani inashuka sana, na macho yako haitaiona.

Ine, usidanganywe na mulima. Ni kweli kwamba fasi ya juu hewa ni nyepesi na moteri isiyo na turbo inagonga kidogo. Juu ya ile, fasi za milima kama Colorado wanauzisha 85. Lakini turbo inarudisha hewa ile, kwa hiyo faida inapungua.

Tano, kama esansi ya juu imekosekana, endesha polepole, usikanyage sana, mupaka uipate. Ukisikia vijiwe, toa muguu. Usipandishe muziki.

Na mbele ya kununua, wandugu, hesabu bei ya esansi ya kila mwezi pamoja na bei ya motokari. Kama esansi ambayo motokari inaomba inakushinda, basi ile motokari haiko yako bado. Nunua ndogo, ufike kazini, ulipe likelemba na ulale usingizi.