Kwa nini mwanao halali bila gari lake?

JE, mwanao wa miaka miwili hukataa kulala mpaka ashike kigari chake? Je, lori likinguruma huacha uji na kukimbilia dirishani? Usiwe na wasiwasi. Wazazi wengi mjini Nakuru wanaijua hali hii, hasa wanaoishi Free Area, Lanet na mitaa mingine iliyo karibu na barabara kuu ya kwenda Nairobi.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Macho ya mtoto huvutwa na kitu kinachosonga hata kabla hajajua jina lake. Gari lina mlio, rangi, taa na magurudumu yanayozunguka. Akilisukuma linakwenda, akiliachilia kwenye mteremko linakwenda lenyewe. Hapo hutambua kwamba tendo lake limeleta jambo fulani. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alieleza kuwa mtoto hujenga akili kwa kurudia tendo lile lile. Kwa hivyo akiangusha gari kutoka mezani mara ishirini, hakuchokozi. Anajifunza.

Sababu ya pili ni mamlaka. Mtoto huamriwa kutwa kucha: oga, kula, keti, lala. Lakini kwa gari lake, yeye ndiye mkubwa. Leo ni dereva, kesho ni makanga anayeita abiria wa Njoro akiwa amepanga viti vya sebuleni. Mwaka 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia baada ya miaka 19, ilifanyika Naivasha. Mtoto aliyeona magari yale yakitimua vumbi hakosi kuyaiga uani. Mchezo huo humkuza lugha na mawazo.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Judy DeLoache walieleza kuwa karibu theluthi moja ya watoto wadogo waliowachunguza walikuwa na kitu kimoja walichokipenda kupita kiasi. Magari yalikuwa miongoni mwa vitu hivyo, na wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana.

Je, ni maumbile au malezi? Mwaka 2002 watafiti wengine waliwapa tumbili vitu vya kuchezea, na madume yakagusa gari na mpira zaidi ya majike. Hata hivyo, sisi wazazi pia huchangia kwa kumnunulia mvulana gari na msichana mwanasesere. Binti yako akitaka trekta, mpe.

Wakati wa kumwona daktari

Kupanga magari kwa mstari au kuzungusha magurudumu si ugonjwa. Lakini ikiwa mtoto pia haitikii jina lake, hakuonyeshi vitu kwa kidole afikapo miezi 18, au amepoteza maneno aliyokuwa ameyajua, mpeleke kliniki achunguzwe. Huenda ana usonji, na msaada wa mapema hufaa sana.

Jihadhari na hatari nyumbani. Gurudumu linalong'oka laweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Betri ndogo za mviringo ni mbaya zaidi: zikimezwa, huweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili. Ukishuku amemeza, kimbia hospitalini mara moja, usingoje aonyeshe dalili. Gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa au ndara kuukuu ni zuri vilevile, mradi ncha za waya zikunjwe ndani.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya lango. Mtoto anayejua majina ya malori yote si mtoto anayejua barabara. Gari la kuchezea husimama anapotaka. Trela linaloteremka kutoka Salgaa halisimami hivyo. Kabla ya kufika miaka tisa au kumi, mtoto hawezi kukadiria vyema kasi na umbali wa gari linalokuja. Mshike mkono, wala usimwache asukume gari lake kando ya lami.

Badala ya kumnyang'anya, keti naye sakafuni. Chora barabara kwa chaki, weka kivuko, na umfundishe kusimama, kutazama pande zote mbili na kusikiliza. Somo atakalolipata kwa kigari chake leo huenda likamwokoa kesho.