Je, Wajua? Ngao ya Uso Haitoshi Peke Yake

Fundi wa grenda aliyevaa ngao ya uso bado anahitaji miwani ya usalama ndani yake. Vipande vya chuma hupenya kwa chini na pembeni.

Ngao nyingi ni za polikaboneti. Helmeti za wanaanga waliotua mwezini mwaka 1969 zilitengenezwa kwa plastiki hiyohiyo.

Plastiki hiyo huhimili kishindo, lakini thina huiharibu: huitia nyufa ndogondogo, ikawa rahisi kupasuka. Ioshe kwa maji na sabuni. Usiifute vumbi ikiwa kavu, maana chembe za chuma huikwaruza.

Ngao angavu haitoshi kuchomelea. Mwale wa umeme wa kuchomelea hutaka kioo cheusi.