Mwenye mfuko tumboni aingie choo gani?

Mgonjwa wa Ijumbi, wilayani Muleba, mwenye miadi ya kliniki katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, huianza safari usiku wa kuamkia siku yenyewe, mezani. Maharage hayagusi. Ndizi anakula, maana ameshaona kwamba zinamfungia choo kikawa kizito. Maji anayaonja tu. Alfajiri anapanda bodaboda hadi Muleba mjini na kusubiri basi linalotoka Bukoba, akiwa amevaa shati pana lisiloonyesha kilichobandikwa chini ya mbavu zake.

Mfuko huo ni wa haja. Madaktari walipompasua walitoa ncha ya utumbo nje na kuishonea kwenye ngozi ya tumbo, choo kikawa kinatokea hapo. Ukitolewa utumbo mpana huitwa kolostomi, mwembamba ileostomi, na ipo ya mkojo, urostomi. Sababu zake zinafahamika vizuri wodini: taifodi iliyotoboa utumbo, utumbo uliojisokota, saratani ya njia ya haja kubwa, ajali, na watoto wanaozaliwa bila tundu la haja. Mmoja atakaa na mfuko miezi kadhaa kisha arudishiwe njia yake. Mwingine ndiyo ameupata wa maisha.

Kuna jambo moja ambalo jirani yake kwenye kiti cha basi hawezi kulijua. Njia hiyo mpya haina msuli wa kubana. Sisi wengine tukishikwa njiani tunajikaza, tunabana miguu, tunamwomba Mungu. Yeye hana cha kubana. Mwenye ileostomi humwaga mfuko mara nne hadi sita kwa siku, wakati mwingine zaidi, na anatakiwa afanye hivyo kabla haujavuka nusu, kwa sababu ukijaa unalemea gundi na kubanduka. Wala kujinyima maji hakumsaidii, maana chakula chake hakipiti tena kwenye utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji na chumvi. Anapoacha kunywa ili asisumbuke ndani ya basi, anaweza kufika kliniki akiwa amekaukiwa.

Basi likishaacha Muleba linaingia pori la kuelekea Biharamulo. Hapo ndipo konda husimamisha gari na kutangaza kuchimba dawa: wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano. Mamlaka zimeshakataza mchezo huo mara kadhaa na haujafa, lakini kwa abiria wetu huyu hata usipokatazwa haumfai. Anahitaji mikono miwili, maji, sabuni, kitambaa na robo saa ya faragha. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea abiria adha ya kusubiri kivuko, na hakuna anayelilia foleni ile. Yeye tu huenda anaikumbuka, kwa kuwa wakati wa kungoja kivuko watu walishuka, na mtu angeweza kutafuta choo bila kuonekana anachelewesha gari zima.

Basi tuseme amefika stendi, amelipa mia tatu yake, ameingia. Mlango unafungukia ndani na kuishia karibu na tundu, inabidi ajibanze ukutani ndipo aweze kuurudishia. Komeo limeng'oka, kuna kamba. Maji yako nje, kwenye pipa, na amepewa kopo moja la rangi lililojazwa nusu. Sakafu imelowa. Begani ana begi lenye mfuko mpya, vitambaa, mkasi na sabuni, na hakuna hata msumari wa kulitundika. Analivaa kifuani. Shati analing'ata kwa meno ili lisidondokee mdomo wa utumbo. Tundu liko chini, mfuko uko usawa wa kiuno, na akimwaga akiwa amesimama yatamrukia miguuni, kwa hiyo anapiga magoti kwenye sakafu ile ile. Kopo moja limetumika kusuuza mfuko. La kunawa halipo. Nje mtu ameanza kugonga: "Wee, umelala humo?"

Na bado hajamaliza. Mfuko uliotumika autupe wapi? Akiudumbukiza tundu litaziba, na mhudumu atamkumbuka. Zamani angeufunga kwenye rambo jeusi akaondoka nalo bila mtu kujali. Rambo zilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Upande wa wanawake pengine atakuta ndoo ya kutupia pedi. Upande wa wanaume ndoo ya taka ni kitu adimu kabisa, kana kwamba mwanaume akiingia chooni hana cha kuacha zaidi ya haja.

Wapo watakaosema: si kuna choo cha walemavu? Kweli, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na majengo mapya mengi yana mlango wenye alama ya kiti cha magurudumu. Mara nyingi mlango huo una kufuli, na ufunguo anao mtu aliyekwenda kunywa chai. Akipatikana, atamtazama mteja kuanzia juu hadi chini: mbona anatembea? Hapo mgonjwa achague kufunua shati mbele ya foleni au kurudi kwenye kile choo cha kamba. Uingereza wameishi na tatizo hilo hilo, ndiyo maana vyama vya wagonjwa wa utumbo vimeshawishi maduka na vituo vya usafiri kubandika bango linalosema si kila ulemavu unaonekana. Japani wamefika mbali zaidi: kwenye vyoo vya stesheni utakuta sinki lililoinuliwa, lenye bomba la kupulizia maji, ambapo mtu anamwaga na kusafisha mfuko akiwa wima, na mlangoni kuna alama ya mtu mwenye kijimsalaba tumboni.

Sitaki Halmashauri ya Muleba iagize masinki Japani. Sisi tayari tuna pa kuanzia: chooni tunatumia maji. Hakuna haja ya kumfundisha Mtanzania kwamba mtu huingia chooni na maji. Kinachotakiwa ni kuyahamisha kutoka pipa la nje hadi ndani ya mlango. Angalia vyoo vya misikiti mingi, bomba liko ndani, mkono unalifikia ukiwa umechuchumaa. Huko mwenye mfuko anahudumika vizuri kuliko stendi, ingawa aliyejenga hakumfikiria.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka kila shule iwe na chumba maalumu cha wasichana walio kwenye hedhi, na zipo shule zilizokwisha kukijenga. Kina nafasi, maji, mahali pa kuweka vitu, faragha na njia ya kuteketeza taulo za kike. Hicho ndicho chumba cha mwenye mfuko, hakuna kinachopungua ila kioo kidogo cha usawa wa tumbo, kwa sababu wapo wasiouona mdomo wa utumbo wao bila kioo. Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja na kuwekewa mfuko akisubiri upasuaji unaofuata anaweza kukitumia kesho, awe msichana au mvulana, mwalimu akimruhusu. Tena bila kumtaka ajieleze kila siku mbele ya darasa.

Nyumbani Ijumbi mtu huyu hana shida kubwa. Choo kiko nyuma ya nyumba, kibanja kinamficha, maji ni ya kwake na hakuna anayemgongea. Adha inaanza anapotoka: gulioni, kanisani, ofisi ya kata, na hasa msibani. Uhayani kutoonekana msibani ni jambo linalosemwa. Mtu anayebaki nyumbani kwa kuogopa choo cha matanga ataonekana ana kiburi au ana ugomvi na wafiwa, na hawezi kujitetea bila kutoa siri ya tumbo lake.

Ukiuliza gharama, muulize fundi anayepiga plasta. Rafu ya zege usawa wa kiuno ni saruji ya kwenye karai. Misumari miwili ya kutundikia, komeo, ndoo yenye mfuniko, dumu la lita ishirini lenye koki. Vyoo vya stendi vinakusanya fedha taslimu kila siku, na zabuni ya kuviendesha hutolewa na halmashauri. Masharti haya yangeweza kuandikwa humo kwa mistari mitano, ndoo ya upande wa wanaume ikiwa ya kwanza. Mstari wa sita uwe wa mhudumu: mtu akimwambia, "Waitu, naomba maji zaidi, nitakawia," ampe, asimwulize kubwa au ndogo.