Nuru Imfaayo Mshona Kofia

Kofia ya viua, ile wanayoivaa watu wa Unguja na Lamu siku za Ijumaa na Idi, hushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na katika uzuri wake huo ndimo ilimo taabu yote ya mshonaji. Kwani jicho la mwanadamu hulitambua jambo kwa kulilinganisha na lililo jirani yake, na weupe uliolala juu ya weupe hauna cha kulinganishwa nacho ila kivuli chembamba ambacho uzi, kwa kuinuka kwake kidogo juu ya nguo, hukiangusha ubavuni mwake. Kivuli hicho kikiondoka, mshono nao hupotea, japokuwa chumba kimejaa nuru.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mshonaji akishindwa kuona vema hudhani nuru ni haba, akanunua globu kubwa zaidi na kuitia pale pale darini, nayo ikamwaga nuru kutoka juu, ikaufuta mshono, na kichwa chake kilichoinama kikatia giza mahali pale pale sindano ipitapo. Asipopata nafuu, huanza kuyalaumu macho.

Taa ya kumfaa ni ile iwekwayo ubavuni, chini ya usawa wa macho, upande wa kushoto kwa atumiaye mkono wa kulia, na kinyume chake kwa wa mashoto, ili kivuli cha mkono kiangukie mbali na kiua kinachoshonwa, na nuru ipite juu ya nguo kwa mshazari, kama jua la alasiri lipitavyo juu ya mchanga wa pwani likadhihirisha kila unyayo uliokuwa umefichika adhuhuri. Tena ukaribu una nguvu kuliko ukubwa wa globu: umbali ukipunguzwa nusu, nuru ifikayo juu ya kazi huwa mara 4, hata taa iliyokuwa mita 2 kutoka kwenye kitambaa, ikisogezwa hadi nusu mita, huipa kazi takribani mara 16 ya nuru ile ya kwanza, bila ya kuongeza hata senti moja katika hesabu ya umeme. Iwe na kifuniko tu, isimpige mtu machoni.

Wazee wetu, ambao kibatari na kandili havikuwatosha kwa kazi hii, waliitegemea nuru ya mchana, na nyumba za mawe za Lamu ziliwasaidia: madirisha ya njiani ni machache, lakini kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kiko wazi juu, na nuru iingiayo humo hugonga kuta zilizopakwa chokaa, ikarudi misanani, yaani katika kumbi zinazoelekea ua huo, imekwisha kulainika. Vitabu vya ushoni vya Ulaya huusia dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Nasaha hiyo ni sahihi kwao, wala haitufai sisi, maana Unguja iko digrii 6 kusini mwa ikweta, na jua letu la adhuhuri huwa kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Kwetu bora ni baraza au dirisha ambapo mbingu yaonekana na jua lenyewe halionekani.

Umri nao una haki yake. Mboni ya mzee huwa nyembamba na lenzi ya jicho huingia umanjano, hata mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho kama theluthi tu ya nuru aipatayo kijana wa miaka 20 chumba kile kile. Basi bibi na mjukuu waketio mkeka mmoja wakishona hawamo katika nuru moja, na si insafu taa kuwekwa kwa kipimo cha mjukuu.

Ewe mshonaji, kabla hujanunua globu nyingine, iache ya darini iwake ili macho yasichoke kwa kuhama baina ya nuru na giza, iteremshe taa ndogo ubavuni mwako, tandika kitambaa cheusi mapajani chini ya kazi ili kila tundu la kiua lionekane jeusi na lililopotoka lijifichue, kisha itazame upya safu uliyoishona jana.