Kuchora Ulimwengu wa Chini: Ramani za Mapango ya Kubuni na Somo la Ardhi ya Rusizi

Mchezo wa kuigiza wahusika, ambao ulipata umbo lake la kwanza lililochapishwa katika vijitabu vya Dungeons & Dragons vilivyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, huchezwa na watu wachache walioketi mezani wakiwa na dadu na karatasi, mmoja wao akiwa msimulizi, yaani mtu anayeijua nchi ya kubuni ambamo wenzake, kila mmoja akiwa na shujaa wake, husafiri, hupigana na kutafuta hazina. Tangu mwanzo sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya ardhi, katika mapango, mahandaki na magereza ya kale, na sababu yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kutisha: mchezaji aliye uwandani anaweza kwenda upande wowote autakao, ilhali chini ya ardhi kuta humlazimisha achague kati ya njia chache ambazo msimulizi amekwisha kuziandaa.

Kwa desturi ramani hiyo huchorwa kwenye karatasi ya miraba, ya namna ile ile ya daftari la hesabu la mwanafunzi, na katika kanuni za zamani kila mraba ulihesabiwa kuwa futi 10, karibu mita 3. Ramani hubaki siri ya msimulizi. Wachezaji husikia maelezo tu, kwamba njia inapinda kushoto au kwamba ukumbi una milango mitatu, na mmoja wao huchora ya kwake kwa kufuata anayoyasikia, hivi kwamba tofauti kati ya karatasi hizo mbili huzaa sehemu kubwa ya utamu wa mchezo.

Kosa la kawaida la mchoraji anayeanza ni kutawanya vyumba kwenye karatasi bila kujiuliza ni nani, au ni nini, kilichovifanya. Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, inafundisha vizuri juu ya swali hilo, kwa kuwa imo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linatanuka na kupasuka. Katika uwanda wa Bugarama maji yaliyozama kwenye nyufa hupata joto huko chini, kisha hupanda na kutokeza katika chemchemi za Mashyuza. Njiani huyeyusha chokaa, na yanapofika juu na kupoteza gesi ya kabonidayoksaidi huiacha chokaa hiyo igande tabaka juu ya tabaka. Mawe ya chokaa ya eneo hilo ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA.

Kwa mchoraji, maelezo hayo peke yake ni nusu ya ramani. Ukumbi mkuu wa pango lake utakuwa mrefu na mwembamba, kwa sababu unafuata ufa. Vijia vya pembeni vitapindapinda, kwa sababu vimeliwa na maji. Kingo za madimbwi zitapanda ngazi kwa ngazi kwa chokaa iliyoganda. Na gesi ile, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, itazima mwenge wa shujaa anayeinama kuchota maji. Hatari hiyo ya mwisho haikubuniwa na mtu: ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa Kivu, karibu na Goma, gesi hutuama katika mabonde madogo yanayoitwa mazuku, nayo huua wanyama na hata watu.

Chanzo kingine huzaa umbo jingine. Mapango ya Musanze, kaskazini mwa nchi, yenye urefu wa takriban kilomita 2, ni mabomba yaliyoachwa na lava iliyoganda juu huku ndani ikiendelea kutiririka, kwa hiyo ramani ya pango la aina hiyo ni njia moja pana, yenye paa lililoporomoka hapa na pale na kuingiza mwanga. Mgodi nao huenda moja kwa moja, kwani mchimbaji hufuata mshipa wa madini wala hapotezi nguvu kwenye mwamba mtupu.

Hata hivyo, jiolojia peke yake haitoshi, maana bomba la lava lenye njia moja humfanya mchezaji kuwa abiria. Jennell Jaquays, mbunifu wa Marekani aliyetoa The Caverns of Thracia mwaka 1979, alionyesha dawa yake: malango zaidi ya moja, njia zinazozunguka na kukutana tena, na ngazi za siri zinazoruka ghorofa nzima. Hapa pia Rusizi ina la kufundisha, kwani Mto Rusizi wenyewe hutoka Ziwa Kivu kwenye kimo cha mita 1,460 hivi na kushuka hadi Ziwa Tanganyika lililo karibu na mita 770, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika korongo lililo kabla ya uwanda. Mchoraji anayeiga mteremko huo hana budi kuongeza mchoro wa pili, unaoonyesha pango kwa ubavu kana kwamba mlima umekatwa kwa kisu, la sivyo kina chote kitapotea.

Kuhusu mkono wenyewe hakuna mengi ya kusema: penseli kwanza, wino baadaye, kisha vifungu vya mistari mifupi inayopishana nje ya kuta, mtindo uliopata umaarufu kupitia mchoraji wa ramani Dyson Logos, ili mwamba utofautike na nafasi tupu. Urembo unaozidi hapo humchelewesha msimulizi anayetafuta chumba namba 7 huku wenzake wakisubiri. Anayetaka kujaribu asianze na karatasi kubwa. Pango la vyumba sita, lenye ufa mmoja, dimbwi moja la maji moto na malango mawili, linatosha kwa jioni nzima ya mchezo.